Kumwandaa mtoto mdogo kwa upasuaji wa sikio chini ya nusu kaputi: mwongozo kamili ili usirudishwe nyumbani

Jumanne moja ya mwezi wa saba, saa 1 na robo asubuhi, mama mmoja alishuka getini kwetu akitokea Tukuyu. Mtoto wa mwaka na miezi miwili alikuwa mgongoni, kofia mbili kichwani, sweta juu ya sweta. Nikamuuliza swali ninalowauliza wote: "Mama, mara ya mwisho kala nini, saa ngapi?"

"Hajala kitu sista. Nimempa kauji tu njiani, alikuwa analia."

Kauji tu. Mtaalamu wa usingizi aliposikia hilo alifunga faili. Mama akarudi Tukuyu na mtoto wake na masikio yake yaleyale, akapangiwa tarehe nyingine wiki tano mbele.

Mimi ni nesi, na mambo haya nayaona mara kwa mara hapa Mbeya. Wanaorudishwa karibu wote wanaangukia sehemu tatu: tumbo halikuwa tupu, pua ilikuwa na kamasi, au saa ilisomwa vibaya. Si kwamba hawaambiwi. Wanaambiwa harakaharaka kliniki, mtoto analia, foleni inasukuma nyuma, na nusu ya maneno inabaki palepale mlangoni. Kwa hiyo nimeandika yote hapa, hatua kwa hatua.

Mwongozo huu unamhusu mtoto wa miezi kadhaa hadi miaka mitatu hivi anayefanyiwa jambo dogo la sikio: kuwekewa mrija kwenye ngoma ya sikio kwa sababu ya maji yasiyokauka au usaha unaojirudia, kutolewa punje ya harage au shanga aliyojiingizia, au kukatwa kinyama cha ziada mbele ya sikio. Kazi yenyewe ni fupi. Mrija wa sikio mara nyingi huchukua kama dakika 10 hadi 15. Nusu kaputi ndiyo inayodai maandalizi, kuliko hata sikio.

Maelekezo ya hospitali yako yakitofautiana na haya, fuata ya hospitali yako. Wao wamemshika mtoto, mimi sijamshika.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya yote

Kusanya hivi siku tatu kabla, siyo usiku wa mwisho:

- Barua ya rufaa, kadi ya kliniki ya mtoto, kadi ya bima kama anayo, na majibu yote ya vipimo vya damu.
- Dawa zote anazotumia, zikiwa kwenye chupa zake. "Ile nyeupe ya kikohozi" haitusaidii.
- Nguo mbili za kubadilisha zinazofunguka mbele kwa vifungo. Fulana ya kuvutwa kichwani itagusa sikio bichi.
- Nepi au pampasi sita, kitambaa cha kufutia matapishi, blanketi zito.
- Kanga au kitenge ulichokilalia usiku mmoja bila kufua. Sababu utaiona hatua ya 7.
- Chupa ya maji safi, na chakula chepesi cha kumpa BAADA. Kifungie kwenye begi.
- Parasetamoli ya maji ya watoto na kijiko cha kupimia dawa. Kijiko cha chai hakipimi sawasawa.
- Simu yenye chaji na namba ya wodi.
- Mtu mzima wa pili. Huyu si wa hiari, kama utakavyoona.

Na jambo moja la karatasi: fomu ya ridhaa husainiwa na mzazi au mlezi halali. Bibi akimleta mjukuu peke yake huku mama yuko Dar es Salaam, tutaanza kupigiana simu wakati thieta inasubiri. Maliza suala hilo mapema.

Hatua ya 1: Soma saa kwa Kiswahili

Kwenye karatasi za hospitali saa mara nyingi huandikwa kwa kizungu. Ikiandikwa 08:00, hiyo ni saa 2 asubuhi. Nimewahi kumpokea baba kutoka Chunya aliyefika saa 8 mchana, ametulia, shati limenyooshwa, anauliza foleni iko wapi. Karatasi ilikuwa mkononi mwake na haikusema uongo.

Ukipewa karatasi, usiondoke kaunta kabla hujauliza mambo mawili kwa mdomo: tufike saa ngapi, na mtoto anategemewa kuingia thieta saa ngapi. Hizo ni saa mbili tofauti. Hesabu zote za chakula utakazofanya zinaanzia kwenye ile ya pili.

Ziandike kwa mkono wako, kwa saa za Kiswahili, na neno "asubuhi" au "mchana" pembeni. Karatasi hiyo ibandike jikoni. Nimesema jikoni, siyo kwenye pochi yako.

Hatua ya 2: Mwambie mtaalamu wa usingizi yote, hata usiyoulizwa

Siku chache kabla, au asubuhi yenyewe, mtoto ataonwa na mtaalamu wa usingizi. Huyu ndiye atakayempumulisha mtoto wako. Mpe habari hizi:

Alizaliwa kabla ya miezi kutimia? Watoto njiti huweza kusahau kupumua baada ya nusu kaputi, hasa wakiwa bado wadogo, na huenda akahitaji kulazwa usiku mmoja ili aangaliwe.

Anakoroma sana au anashtuka usingizini kama amekosa hewa? Ana pumu, tatizo la moyo, selimundu, amewahi kupata degedege? Kuna dawa inayomvimbisha au kumtoa vipele?

Na hili wengi hulificha kwa sababu linagusa msiba: kuna mtu wa damu yenu, upande wa baba au wa mama, aliyewahi kupata shida kubwa akiwa kwenye nusu kaputi? Yapo matatizo ya kurithi yanayofanya mwili uipokee vibaya dawa fulani. Mtaalamu akijua, anabadilisha dawa. Asipojua, hawezi kubadilisha asichokijua.

Taja pia chanjo. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, na baadaye mtoto huweza kupata homa. Tarehe ya upasuaji ikikaribiana na ya chanjo, uliza ipi itangulie. Usiruke chanjo kimyakimya.

Mtoto apimwe uzito. Kila dawa atakayopewa inahesabiwa kwa kilo, kwa hiyo uzito wa kadi ya miezi minne iliyopita haufai.

Hatua ya 3: Wiki mbili za kulinda pua na kifua

Hapa ndipo Nyanda za Juu zinatuonea. Kuanzia Juni hadi Agosti, Uyole, Makete na Njombe kote ni kamasi tupu. Mtoto mwenye mafua njia yake ya hewa imewashwa. Ukimpa dawa ya usingizi, koo linaweza kujibana ghafla au kifua kikabana, hewa isipite. Madaktari wana dawa za kufungua, lakini ni afadhali jambo hilo lisianze kabisa kwa ajili ya upasuaji unaoweza kusubiri.

Kwa wiki mbili kabla ya tarehe:

Usimpeleke kwenye mikusanyiko ya watoto. Kipaimara cha binamu kitapita bila yeye.

Anayekohoa nyumbani asimbebe wala asimbusu. Anayembeba anawe mikono kwa sabuni.

Asilale chumba chenye jiko la mkaa. Najua baridi ya mwezi wa saba, nami nimelelewa humohumo. Lakini moshi unachubua njia ya hewa ya mtoto, unachangia magonjwa ya masikio yaleyale tunayoyatibu, na mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo imeua familia nzima usingizini. Mvalishe soksi na kofia, mlalishe katikati yenu, ongeza blanketi. Jiko libaki nje. Na anayevuta sigara akavutie mbali.

Sasa, mafua yakiingia licha ya yote? Kamasi nyepesi kama maji, mtoto anacheza na ananyonya vizuri, hana homa: piga simu uulize, mara nyingine wanaendelea. Homa, kikohozi chenye makohozi, kifua kinachotoa mlio, kamasi nzito ya kijani, au mtoto amekataa kula: piga simu kabla ya kukata tiketi. Mara nyingi watasogeza mbele wiki mbili hadi nne.

Tafadhali usimpe sirapu usiku ili asubuhi asikohoe mbele yetu. Tutaweka kipimo kifuani na tutasikia. Tusiposikia, ndiyo hatari zaidi.

Hatua ya 4: Liache sikio

Kuanzia leo hakuna kitu kinachoingia sikioni isipokuwa dawa iliyoandikwa na daktari. Siyo mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto, siyo maziwa ya mama, siyo maji ya majani aliyoleta shangazi. Mafuta huziba na daktari hataiona ngoma ya sikio. Na kama ngoma ina tundu, vitu hivyo vinapita hadi ndani.

Kama vimeshawekwa, sema tu. Hakuna atakayekufokea, na akikufokea, sema hivyohivyo.

Kwa wenye punje ya harage au hindi sikioni: usimwage maji ili itoke. Punje hunyonya maji, ikavimba na kukwama zaidi. Na kama kilichoingia ni betri ndogo ya saa au ya mdoli, hiyo haisubiri tarehe. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu huunguza nyama ndani ya saa chache.

Hatua ya 5: Usiku wa kuamkia

Kama unatoka Kyela, Tunduma, Makete au mbali zaidi ya Tukuyu, njoo mjini siku moja kabla ulale kwa ndugu. Gari la saa 10 alfajiri lenye dirisha lisilofunga, ukungu wa Isyonje, mtoto ana njaa: hapo ndipo kauji huzaliwa.

Muogeshe jioni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Baada ya hapo usimpake mafuta ya mgando usoni wala kifuani. Ni ngumu kwetu wa baridi, mtoto bila mafuta tunaona kama hakuogeshwa, lakini vile vibandiko vya kusoma mapigo ya moyo havishiki kwenye ngozi yenye mafuta, na barakoa ya dawa huteleza.

Futa rangi ya kucha na usimpake hina vidoleni. Kipimo cha oksijeni kinasoma mwanga unaopita kwenye kidole, na rangi hukidanganya. Vua heleni, bangili, shanga za kiunoni na kamba ya mkononi. Hirizi pia. Kama familia haitaki kuikata, mama aivae yeye kwa siku hiyo. Nimeona bibi wakikubali hilo kwa furaha kuliko mkasi wa nesi.

Kata kucha zake. Akiamka atalikuna sikio.

Hatua ya 6: Kufunga

Hatua hii isome mara mbili, halafu msomee kila mtu atakayelala nyumba moja na mtoto.

Tukiwa macho, chakula kikipanda kutoka tumboni, koo hujifunga na tunakohoa. Nusu kaputi inalaza kinga hiyo. Kilichomo tumboni kikipanda, kinaingia kwenye mapafu pamoja na tindikali, na mtoto aliyekuja kwa jambo la dakika 10 anaishia kwenye oksijeni kwa siku kadhaa. Ni kupaliwa, ila ni kupaliwa kwa mtu asiyeweza kukohoa.

Hesabu inayotumika sehemu nyingi ni hii, ukirudi nyuma kutoka saa ya kuingia thieta:

- Saa 6 kabla: mwisho wa chakula chochote, uji, maziwa ya ng'ombe na maziwa ya kopo.
- Saa 4 kabla: mwisho wa kunyonya titi.
- Saa 2 kabla: mwisho wa maji matupu au maji ya glukosi.

Mfano. Mtoto anaingia saa 3 asubuhi. Uji na maziwa mwisho ni saa 9 usiku, ingawa hakuna haja ya kumwamshia uji usiku wa manane. Mpe chakula chake cha jioni vizuri, kisiwe cha mafuta mengi, maana vya kukaanga hukaa tumboni zaidi ya hizo saa 6. Titi mwisho ni saa 11 alfajiri. Maji mwisho ni saa 1 asubuhi.

Mambo yanayoangusha watu hapa, moja baada ya jingine.

Uji ni chakula. Hata uwe mwepesi kama maji, hata wa kijiko kimoja. Chai ya maziwa ni maziwa. Mtindi ni maziwa. Juisi ya parachichi ni chakula kizito. Biskuti iliyolowekwa ni chakula. Kinachoitwa "maji" ni kile unachoweza kusoma maandishi kupitia glasi yake.

Weka kengele ya simu saa moja kabla ya mwisho wa titi, umuamshe mtoto anyonye ashibe. Wengi huona huruma kumuamsha, matokeo yake mtoto aliyenyonya saa 4 usiku anaingia thieta saa 3 asubuhi akiwa hana kitu kwa saa 11. Huko nako ni kukosea. Mtoto mdogo akifungishwa kupita kiasi anaishiwa maji, sukari inashuka, na mshipa wa kuwekea kanula, ile sindano ya dripu, haupatikani. Ukiambiwa "asipewe kitu kuanzia saa 6 usiku" na mtoto ananyonya, uliza kwa adabu: "Ananyonya titi tu, naweza kumnyonyesha hadi saa 11?" Mara nyingi kauli ile ni ya watu wazima, imetoka mdomoni kwa mazoea.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya titi tu, usimwanzishie maji kwa sababu ya upasuaji. Kwake hesabu ni ya titi peke yake.

Baada ya mwisho wa titi, mkabidhi kwa mtu wa pili. Mtoto akinusa maziwa yako atalia kwa haki yake. Akiwa kwa baba au kwa shangazi, kwenye mbeleko, anatembezwa koridoni, hulala. Hiyo ndiyo kazi ya yule mtu wa pili niliyemtaja mwanzo, na ndiyo sababu sikumfanya wa hiari.

Watoto wengine wa nyumbani wasile mbele yake. Na wewe mama kula. Hakuna aliyekufungisha wewe, na kuna akina mama wameanguka wodini kwa njaa wakidhani sheria ni ya wote wawili.

Sasa niwaambie langu, msidhani nawacheka wa Tukuyu. Mwanangu wa pili alipopangiwa mrija, mimi nesi mzima, niliandika saa zote, nikaweka kengele, nikamnyonyesha saa 11. Nikaingia kuoga. Nilipotoka, mama mkwe wangu amempakata, ana kikombe cha bati mkononi, midomo ya mtoto inang'aa kwa chai ya maziwa. "Nimemwondolea baridi tu," akasema. Sikuweza kumlaumu, karatasi ilikuwa kwenye pochi yangu na yeye hakuna aliyemwambia. Nilipiga simu wodini mwenyewe, tukasogezwa siku ile hadi mchana. Tangu hapo nasema karatasi ibandikwe jikoni.

Ndiyo, piga simu. Mtoto akila kwa bahati mbaya, sema kala nini na saa ngapi. Mara nyingine anasogezwa mwisho wa orodha badala ya kurudishwa. Asilani usinyamaze.

Umefanya vizuri ukimwona mtoto asubuhi ana njaa, analialia, lakini nepi imelowa na akilia machozi yanatoka. Njaa tunaitaka. Ukavu hatuutaki. Orodha ikichelewa, usikae kimya kwenye benchi: nenda kwa nesi uulize kama anaweza kupewa maji au titi wakati mnasubiri.

Hatua ya 7: Mlangoni mwa thieta

Mtoto atavalishwa utepe wenye jina. Usome. Kisha utaulizwa na watu watatu tofauti swali lilelile: jina la mtoto, anafanyiwa nini, sikio lipi. Haimaanishi hawaelewani, ni kinga ya makusudi. Jibu kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza, na kama ni sikio la kushoto peke yake, liguse kwa kidole ukisema. Ukiona jina au sikio limekosewa, simamisha kazi hapohapo.

Soma fomu ya ridhaa au usomewe. Usiposhika neno, uliza kabla ya kusaini.

Mahali pengine mzazi huruhusiwa kuingia hadi mtoto asinzie, pengine hairuhusiwi. Uliza mapema ili usibishane mlangoni. Ukiingia, jua utakachokiona: mtoto anawekewa barakoa yenye dawa ya mvuke, au dawa inapita kwenye mshipa. Kwa barakoa, atapigana kidogo, kisha macho yanageuka, mikono inarukaruka, anapumua kwa mkoromo. Ni sehemu ya kawaida ya kusinzia, si degedege. Ukiambiwa "mama, sasa toka", toka. Umeshamaliza kazi yako pale.

Usipoingia, mpe nesi ile kanga uliyoilalia. Atawekewa karibu, na harufu yako itamkuta akiamka.

Kwa mtoto wa mwaka na zaidi, wiki nzima kabla cheza naye mchezo wa kuweka kikombe cha plastiki puani na kupuliza. Kazi ya dakika mbili kwa siku, na siku yenyewe barakoa haiwi mgeni.

Hatua ya 8: Anapoamka

Atalia. Tena atalia vibaya, anajipinda, hakutambui, anakusukuma. Dawa inatoka kichwani kwa fujo, na kwa watoto wadogo hali hii huchukua dakika chache hadi nusu saa hivi. Kina mama wengi huanza kulia naye wakidhani kuna kitu kimeharibika. Mkumbatie, punguza maneno, mfunike na kanga.

Nesi akikuruhusu, mnyonyeshe. Kwa anayenyonya hakuna kitulizo kinachoshinda titi. Asiyenyonya aanze na maji kidogokidogo. Yakikaa, baadaye uji mwepesi. Kutapika mara moja au mbili siku hiyo si ajabu.

Usimfunge mgongoni siku hiyo. Mtoto mwenye usingizi wa dawa kichwa kinaning'inia na huoni uso wake. Mbebe mbele, kidevu kisiguse kifua, uone midomo yake muda wote. Kwa sababu hiyohiyo bodaboda haifai. Tafuta bajaji au teksi, na mtu wa pili awepo. Wa mbali walale mjini usiku huo.

Hatua ya 9: Nyumbani, siku za kwanza

Maumivu ya mrija wa sikio huwa madogo. Parasetamoli hupimwa miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 8 anapata miligramu 120, ambayo ni mililita 5 za chupa iliyoandikwa 120 kwa mililita 5. Soma chupa yako, kwa sababu zipo za 250 zinazofanana nazo kwa rangi, na hizo ni zaidi ya mara mbili. Usimpe aspirini. Dawa ya kikohozi au ya maumivu yenye kodeini haifai kabisa kwa mtoto.

Ukipewa matone ya sikio, ishike chupa kiganjani dakika mbili ipate joto. Matone ya baridi ya Mbeya yakigusa sikio, mtoto anapata kizunguzungu na kesho yake hatakukubali tena. Mlalishe ubavu, tone liingie, kisha bonyeza taratibu mara chache kile kinyama kidogo mbele ya tundu la sikio ili dawa ishuke.

Majimaji yenye damu kidogo kwa siku mbili tatu ni ya kawaida. Futa nje tu. Wakati wa kumwosha kichwa zuia maji ya sabuni yasiingie; kuhusu kuogelea mtoni au ziwani, sikiliza daktari wako, kwa mtoto wa Kyela jambo hili lina uzito wake.

Mrudishe hospitali bila kusubiri kliniki ukiona: anapumua kwa shida au midomo inageuka rangi, huwezi kumuamsha vizuri, anatapika kila anachopewa, damu inatiririka, homa inafika 38 na kuendelea, au usaha unaonuka unatoka baada ya siku hizo za mwanzo kupita.

Baada ya wiki moja hivi fanya jaribio dogo. Mtoto akiwa anacheza amekupa mgongo, simama hatua tatu nyuma yake, usimguse, ita jina lake kwa sauti ya chini. Watoto waliokuwa na maji masikioni wengi hugeuka. Wengine hushtuka na kulia, hawajazoea dunia yenye kelele kiasi hiki. Asipogeuka, usinyamaze, litaje siku ya kliniki.

Na mrija wenyewe, kwa kawaida hujitokea baada ya miezi 6 hadi 18, ngoma inapousukuma nje. Ni mdogo kuliko punje ya mchele. Siku moja utaukuta kwenye mto au kwenye nta ya sikio, utadhani ni takataka. Ukiuona, ufunge kwenye kikaratasi uje nao kliniki. Usipouona, usimchokonoe na kijiti cha pamba kuutafuta. Daktari ataangalia kwa taa yake.